Nimebatizwa Mlutheri, Misa naijua kwa kichwa: nikasali wapi?

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wasomaji Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, kwetu ni Machame. Nilibatizwa na kupata kipaimara KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na baba yangu ni mzee wa kanisa mpaka leo. Ila sekondari nilisoma kwa masista, bweni, kidato cha kwanza hadi cha sita. Huko sote tulikuwa tunahudhuria Misa, uwe Mkatoliki usiwe. Majibu yote ninayo kichwani, Rozari, Njia ya Msalaba, nyimbo za Kwaresima. Sijawahi kuwa Mkatoliki, lakini kengele ya mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, ikilia natulia mwili mzima.

Nilihamishiwa Dar es Salaam miaka miwili iliyopita, nimepanga Kimara. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Kwenye usharika mkubwa watu ni wengi mno. Ukichelewa kidogo unakaa nje chini ya turubai, unamsikia mchungaji kwa spika. Nilienda miezi mitano, hakuna aliyeniuliza jina. Nikahamia parokiani. Misa inanigusa, lakini wakati wa kukomunika benchi zima linasimama, mimi nabaki nalinda mikoba ya watu. Siku moja mama mmoja alinigusa bega, "Nenda, mwanangu", nikakosa la kumjibu. Kuna pia kanisa la kilokole karibu na ninapokaa. Hao walishika jina langu siku ya kwanza! Jumapili ya tatu wakaniambia ubatizo wa utotoni si ubatizo, nijiandae kwa maji mengi. Sikurudi.

Juu ya yote, Jumapili mbili kwa mwezi niko zamu.

Mama ananiambia nisiliache kanisa la baba. Rafiki yangu wa wodini, Mkatoliki, anasema nikajiandikishe tu mafundisho nipokelewe. Naomba mnisaidie: nikihamia Katoliki nitabatizwa tena? Kwa sasa naweza kukomunika, maana moyoni naamini? Nitajuaje kama ninachokipenda ni imani yenyewe au ni kumbukumbu za shule? Na mtu wa zamu kama mimi anapataje kanisa la kumjua?

Muuguzi, Kimara

*

Ameni, na milele na milele, amina.

Dada yetu, barua yako imebeba matatizo mawili yaliyokaa pamoja mpaka yanaonekana ni moja. Kwanza, Dar hakuna kanisa linalokujua. Pili, hujui unaamini nini juu ya Ekaristi. La kwanza linaisha ndani ya miezi michache, na linaisha KKKT au Katoliki vilevile. La pili linadai muda na ukweli mtupu. Tunachokuomba ni usilijibu la pili kwa sababu la kwanza linauma. Wako watu waliohama dhehebu kumbe walichokosa ni mtu wa kuwauliza habari za wiki, na mwaka haukuisha wakawa wapweke tena, kwenye kanisa jipya. Parokia za Dar zina maturubai kama sharika zake.

Tuanze na yale yenye jibu la moja kwa moja.

Hutabatizwa tena. Kanisa Katoliki linatambua ubatizo wa KKKT, kwa sababu ulitumika maji na maneno "kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu". Waanglikana na Wamoravian wako hivyohivyo, na KKKT nayo haimbatizi upya anayetoka Katoliki. Kinachotakiwa ni cheti. Wale jirani zako wanaamini tofauti: makanisa mengi ya Kipentekoste, na Wasabato pia, hubatiza kwa kuzamisha mtu aliyekiri imani mwenyewe, kwa hiyo ubatizo wa mtoto mchanga kwao hauhesabiki. Hawakukudanganya, walikueleza wanachofundisha. Ila ujue kwamba ukarimu wao na fundisho lao vinakuja pamoja, na hilo la pili umeshaonyesha hulikubali.

Kukomunika kwenye Misa, kwa sasa hapana. Kanuni ya 844 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu Mkristo wa Kiprotestanti apewe Ekaristi katika hatari ya kifo au shida nzito kwa uamuzi wa askofu, ikiwa hawezi kumpata mchungaji wake, ameomba mwenyewe, na ana imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo. Wewe mchungaji wako yupo umbali wa daladala moja. Hiyo haimaanishi kwamba moyo wako umepimwa ukaonekana haufai. Kwa Wakatoliki, kupokea ni kutangaza pia kwamba uko katika ushirika na Kanisa hilo, na hujafika huko. Basi kaa upande wa benchi ulio ukutani ili watu wasikuruke wakitoka na kurudi, piga magoti au kaa, sali. Parokia nyingine humruhusu asiyekomunika kwenda mbele amekunja mikono kifuani apewe baraka, nyingine hazina utaratibu huo, kwa hiyo muulize katekista kabla. Na yule mama mwambie tu, "Mimi Mlutheri, mama, nasali na ninyi." Hakuna aibu hapo, na mara nyingi sentensi kama hiyo ndiyo inayoanzisha urafiki.

Kuna jambo hukulitaja, nasi limetushughulisha: mara ya mwisho kupokea Chakula cha Bwana KKKT ilikuwa lini? Kama umekaa miaka miwili unatazama wengine wakipokea parokiani, na kwenu huendi, sehemu ya uchungu wako inatoka hapo. Unayo meza ambayo unaruhusiwa kuikaribia leo. Anza nayo.

Sasa hilo la kutojulikana. Miezi mitano chini ya turubai bila kuulizwa jina inatia simanzi, na usharika una lawama yake. Lakini ujue jinsi mambo yanavyokwenda. Kwenye usharika wa mjini, anayekuja Jumapili tu hesabu yake ni mgeni, hata aje mwaka mzima. Msharika ni yule mwenye namba ya bahasha ya sadaka na jumuiya, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu. Namba ndiyo inayoingiza jina lako kitabuni, na jumuiya ndiyo inayojua kwamba wiki hii hukuonekana. Kwa Wakatoliki ni vivyo hivyo, pengine kwa mkazo zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1976 walikubaliana kwamba maisha ya parokia yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na tangu hapo ukienda ofisini kwa paroko na shida yoyote, iwe ndoa, ubatizo au msiba, swali la kwanza ni "Unatoka jumuiya gani?" Bila barua au sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya, utasubiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda ofisi ya usharika siku ya kazi, saa nne hivi asubuhi, siku uliyotoka zamu ya usiku na kulala kidogo, au siku yako ya mapumziko. Jumapili mwinjilisti ana watu arobaini wanaomvuta kanzu. Nenda na barua ya utambulisho kutoka usharika wa Machame. Omba namba ya bahasha, kisha uliza mambo matatu: jumuiya ya eneo ninalokaa inaitwa nani, wiki hii inasalia nyumba gani, na namba ya simu ya kiongozi wake. Usitoke bila hiyo namba ya simu. Uliza pia kama usharika una mtaa karibu na kwako. Wengi hawaulizi hili. Mtaa ni sehemu ndogo ya ibada chini ya usharika, mara nyingi unaongozwa na mwinjilisti, na kwa mtu wa tabia yako, anayependa utulivu, waumini mia moja au mia mbili watakufaa kuliko elfu mbili. Kwa Wakatoliki nafasi hiyo inashikwa na kigango.

Jumuiya nyingi za Dar husali Jumamosi alfajiri, kwenye saa 12, nyingine jioni katikati ya wiki. Mnakuwa watu kumi au ishirini barazani kwa mtu, viti vya plastiki, wimbo mmoja au miwili, somo, kila mtu anasema neno, maombi ya wagonjwa, sadaka, matangazo, mnaagana mkijua wiki ijayo ni kwa nani. Saa moja imeisha. Kufikia mara ya pili watajua wewe ni muuguzi, na mzee mmoja atakuomba umpime presha. Mpime. Ila tangu mapema weka mpaka kwamba dawa wataandikiwa hospitali, la sivyo baada ya miezi mitatu utaanza kuikimbia jumuiya kwa uchovu.

Jumapili nayo usikimbilie kituoni. KKKT wengi hutoka wakiimba na kumalizia ibada nje, halafu mnada wa sadaka za mazao unaanza: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, mzee anapandisha bei kwa sauti. Hapo ndipo watu wanasimama, wanacheka, wanaulizana wanatoka wapi. Aliyetoka Machame akisema tu anakotoka, atapata wa kwao watatu papo hapo. Simama dakika ishirini, nunua hata fungu la mchicha.

Umbali usiupuuze. Tafuta kanisa unaloweza kulifikia kwa miguu ndani ya nusu saa. Azania Front la KKKT na Mtakatifu Yosefu la Katoliki yanavutia, yako jirani kabisa pale kando ya bandari, na mtu aliyelelewa katika makanisa yote mawili angependa kusali hapo. Nenda sikukuu. Lakini wewe wa Kimara ukilifanya la mjini kuwa kanisa lako, Jumamosi alfajiri hutafika, msiba wa jioni hutafika, na utabaki mtu wa Jumapili.

Kuhusu zamu: ratiba yako ya mwezi ikitoka, mtumie kiongozi wa jumuiya. Ukikosekana bila taarifa mara tatu, watu hudhani umeacha. Ukitoa taarifa, wanakuombea ukiwa wodini. Sharika nyingi za mjini zina ibada ya kwanza mapema sana Jumapili na maombi ya alfajiri siku za kazi. Katoliki kuna Misa za asubuhi katikati ya wiki, na Misa ya Jumamosi jioni huhesabika kuwa ya Jumapili, hilo liko kwenye kanuni ya 1248. Usijilazimishe kwenda ibadani moja kwa moja baada ya kukesha wodini. Utasinzia, utajilaumu, na kanisa litaanza kunukia uchovu.

Kwaya tunakushauri usijiunge kwanza, hata kama una sauti. Mazoezi ni mara mbili tatu kwa wiki, na kwaya nyingi zina adhabu kwa watoro. Mwenye zamu huishia kusemwa, kisha anaondoka kwaya na kanisa pamoja. Kundi la kutembelea wagonjwa, au shule ya Jumapili mara moja kwa mwezi, vinapangika.

Na michango. Utakuta sadaka ya kawaida, ahadi ya mwaka, ujenzi, jumuiya, na rambirambi. Hakuna ubaya, ndiyo inayolisha kanisa, na mahali pazuri husoma mapato na matumizi mbele ya waumini. Andika ahadi ndogo unayoweza kuilipa kila mwezi hata mwezi wa kodi. Deni la ahadi huwafukuza watu kanisani kuliko mahubiri mabaya: mtu anaona aibu, anaruka Jumapili moja, halafu mbili. Lakini ukifika mahali unadaiwa fedha ili umwone mtumishi, au unauziwa maji na mafuta, au unaambiwa uache dawa, ondoka siku hiyohiyo. Wewe muuguzi unajua mwisho wake.

Tufike kwenye imani, maana hapo ndipo penye uzito.

Unasema kengele ya mageuzo ikilia unatulia mwili mzima, na inaonekana umelichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba ndani wewe ni Mkatoliki. Subiri kwanza. Kumbuka ulichokariri ukijiandaa kwa kipaimara. Katekisimo Ndogo ya Luther inapouliza Sakramenti ya Altare ni nini, inajibu kwamba ni mwili na damu halisi ya Bwana wetu Yesu Kristo, chini ya mkate na divai. Halisi. Luther hakufundisha kwamba ni ukumbusho tu, na alibishana vikali na wenzake wa Matengenezo waliosema hivyo. Basi heshima unayoisikia mbele ya Ekaristi ni ya Kilutheri pia, hata kama kwenye usharika wenye haraka na spika mbovu huioni. Tofauti ipo, na ni hii: Wakatoliki wanafundisha kwamba mkate na divai vinageuka kabisa, havibaki mkate na divai ila kwa sura, na Kristo anaendelea kuwapo katika hostia (mkate uliogeuzwa) zilizohifadhiwa tabernakulo, kisanduku kitakatifu cha kanisani, ndiyo maana wanaabudu Ekaristi hata nje ya Misa. Walutheri wanakiri kwamba Kristo yupo kweli, lakini mkate unabaki mkate, na hawana ibada ya kuabudu hostia. Keti na hilo. Swali lako la imani liko hapo.

Juu ya neema, makanisa haya mawili yamekaribiana sana: tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani katika Kristo. Usikubali mtu akwambie upande mmoja ni wa imani na mwingine wa matendo. Yaliyobaki ni mamlaka ya Papa, sakramenti saba au mbili, kuungama kwa padre, kumwomba Maria na watakatifu watuombee, kuwaombea marehemu, na huduma ya wanawake: KKKT ina wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, Katoliki haiwapi wanawake daraja la upadre. Kwa kila moja jiulize unasemaje, ukiwa peke yako, bila rafiki wa wodini na bila mama.

Ili kutenganisha imani na kumbukumbu za shule, nenda Misa ambayo haina chochote cha shule. Jumatano asubuhi, parokia usiyoizoea, hakuna kwaya, padre humjui, nusu saa mmeshatoka. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa zamu inaporuhusu. Kama bado unavutwa, umevutwa na kitu kilicho altareni. Kama unaona pamepoa na unatamani zile sauti za wasichana wenzako, umejua.

Mapendekezo yetu ni miezi sita. Jiandikishe KKKT sawasawa, namba, jumuiya, Chakula cha Bwana, na wakati huohuo nenda hizo Misa za katikati ya wiki na uombe kuzungumza na padre mara moja kwa mwezi. Usijiandikishe jumuiya mbili. Utalipa michango miwili na kote utakuwa mgeni.

Baada ya hapo, ukiona ni Katoliki, utaratibu ni huu. Kwa kuwa umeshabatizwa, hesabu yako si ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Muda wa mafundisho unategemea unachojua na desturi ya parokia, miezi kadhaa mpaka mwaka. Utakuwa na mdhamini, utaungama kwanza, kisha katika Misa utakiri imani, utapewa Kipaimara, maana kile cha KKKT Wakatoliki hawakihesabu kuwa sakramenti, na utakomunika. Katika kukiri huko utatamka kwamba unasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linasadiki na kufundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Yote. Kama kuna ambalo huliamini, usilitamke kwa kuwa umechoka kulinda mikoba. Na endapo kuna mchumba Mkatoliki ambaye hukumtaja, ndoa haikulazimishi kuhama: Mkatoliki anaweza kumwoa Mlutheri kwa ruhusa ya askofu, naye ndiye anayeahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe Katoliki, nawe unajulishwa ahadi hiyo.

Wazazi usiwafiche. Barua ya utambulisho ya kuja usharika wa Dar utaiomba Machame, na ombi hilo litawafurahisha. Cheti cha ubatizo ni jambo jingine. Kama kimepotea, daftari la ubatizo liko usharikani. Wataje jina lako kamili, majina ya wazazi na mwaka, watakuandikia nakala. Lakini ofisi hiyo ndiyo baba anayoitumikia. Ukifikia kukiomba kwa ajili ya parokia, kaa naye kwanza, ana kwa ana, Krismasi ukipanda nyumbani, umweleze sababu zako moja moja, ndipo uende ofisini. Akilisikia kwa katibu wa usharika kabla ya kulisikia kwako, mtakuwa na kazi ya miaka.